Uhandisi kutoka Arusha na Moshi: VETA, stashahada au PCM?

Kijana aliyemaliza kidato cha nne na anataka uhandisi ana njia tatu: mafunzo ya ufundi stadi ya VETA, stashahada ya miaka 3 katika chuo cha ufundi, au kidato cha tano cha PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kisha shahada ya miaka 4. Wazazi wengi wa Arusha na Moshi huzipanga kama ngazi, PCM juu na VETA chini, halafu wanamsukuma mtoto kwenye ngazi ya juu kabisa ambayo matokeo yake yanaruhusu. Upangaji huo umewapotezea vijana wengi miaka miwili mizima. Kila njia ina mtihani wake mgumu, gharama yake na aina yake ya kazi, na kigezo cha kwanza cha kuchagulia ni alama ya Hisabati iliyopo kwenye karatasi ya matokeo.

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Mwenye A au B za Hisabati na Fizikia aende PCM. Mwenye C aende stashahada, hata kama TAMISEMI imempangia kidato cha tano. Mwenye D aende stashahada akijua kwamba mwaka wa kwanza atasoma Hisabati kila siku. VETA ni ya yule anayependa kazi ya mikono yenyewe na anataka kuanza kupata kipato mapema, na pia ni ya yule ambaye matokeo yamemfungia milango mingine kwa sasa.

Jamvi moja, watu watatu

Kabla ya kulinganisha vyuo, linganisha kazi. Utumishi wa umma na saiti za ujenzi hutofautisha fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi. VETA inazalisha wa kwanza, stashahada wa pili, shahada wa tatu.

Chukua jamvi, yaani slabu ya zege, la ghorofa ya kwanza la nyumba inayojengwa Njiro. Mhandisi ameshapiga hesabu za uzito wa watu na samani, uzito wa jamvi lenyewe na umbali kati ya bimu na bimu, kisha akaamua unene wa milimita 150 na nondo za milimita 12 kila baada ya milimita 200. Mchoro una saini yake, na jengo likipata shida saini hiyo ndiyo itakayotafutwa.

Fundi sanifu ndiye anayeshinda saiti siku ya kumwaga zege. Asubuhi anapita na futi: nondo zimeachana kama mchoro unavyotaka? Zimeinuliwa kwa vibiskuti, vile vipande vya zege vya milimita 25, au zimelala juu ya mbao? Mirunda imesimama wima na imekanyaga ardhi ngumu? Zege la kwanza likitoka kwenye mikisa analipima ulegevu kwa koni yenye urefu wa milimita 300, akijaza matabaka matatu na kushindilia kila tabaka mara 25. Kisha anajaza vyuma vya mchemraba wa milimita 150, tena matabaka matatu, mishindilio isiyopungua 35 kila tabaka. Kesho yake anafungua vyuma, anaandika tarehe kwenye kila mchemraba na kuizamisha yote kwenye maji. Mingine inavunjwa maabara siku ya 7, iliyobaki siku ya 28.

Fundi mchundo ndiye aliyefunga hizo nondo, akapiga mbao, akaendesha vaibreta na kusawazisha uso.

Kinachoharibika hapa kinajulikana. Saa saba mchana jua ni kali, zege kwenye toroli limeanza kukaza, na mtu anaongeza ndoo ya maji ili limwagike kirahisi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa uwiano wa 0.5 unahitaji lita 25 za maji. Ukiongeza lita 10 uwiano unafika 0.7, na nguvu ya zege inashuka kwa theluthi moja au zaidi. Kwa macho huoni chochote, jamvi linatoka laini na linapendeza, hadi mchemraba wa siku ya 28 uvunjwe. Fundi mchundo anayeijua kazi yake anakataa ndoo hiyo. Fundi sanifu anaurudisha mchanganyiko na kuandika kwenye daftari la saiti. Mhandisi alitakiwa kuwa ameshaona kwamba umbali kutoka kwenye mikisa ni mrefu, akaagiza dawa ya kuchelewesha kukaza.

Kijana aulizwe ni siku ipi kati ya hizi tatu angependa iwe yake kwa miaka mingi. Wapo wenye A ya Fizikia ambao jibu lao la kweli ni ya fundi sanifu, na hakuna ubaya wowote.

Muda na milango, kwa pamoja

| | VETA | Stashahada | PCM na shahada |
|---|---|---|---|
| Miaka baada ya kidato cha nne | 1 hadi 3, kwa ngazi (level I hadi III) | 3 | 6 |
| Cheti cha kwanza cha kazi | mwisho wa level ya kwanza | mwisho wa mwaka wa 1 (NTA 4) | mwisho wa mwaka wa 6 |
| Miaka hadi shahada | mrefu kuliko zote | 7 | 6 |
| Ukikwama katikati | unabaki na cheti cha level uliyofika | unabaki na NTA 4 au NTA 5 | ukikwama kidato cha sita, huna cheti cha ufundi |

Mstari wa mwisho ndio unaosahaulika kuliko yote. PCM inaweka miaka miwili yote kwenye mitihani ya mwezi Mei wa kidato cha sita. Stashahada inakupa cheti kila mwaka: NTA 4 ni astashahada ya awali, NTA 5 ni astashahada, NTA 6 ni stashahada yenyewe. Baba akifariki au ada ikikatika mwaka wa pili, kijana wa stashahada ana kitu cha kuonyesha kwa mwajiri. Wa PCM hana.

Tofauti ya mwaka mmoja kati ya 6 na 7 isikutishe. Mwenye stashahada kwa kawaida huanzia mwaka wa kwanza wa shahada kama wengine, hivyo ni kweli anachelewa mwaka. Ila kwa miaka minne ya shahada ana cheti cha kufanyia kazi wakati wa likizo, na akimaliza anaomba kazi akiwa na vyeti viwili.

PCM: inampa nani, inamnyima nani

Hisabati ya advansi, yaani ya kidato cha tano na sita, ina karatasi mbili za saa tatu kila moja. Ndani yake kuna kalkulasi, namba changamano, vekta, milinganyo tofautishi, uwezekano na njia za kukadiria majibu kwa namba. Fizikia ina karatasi tatu, moja ikiwa ya maabara. Kinachowaangusha wengi ni aljebra ya kidato cha pili na cha tatu ambayo hawakuimaliza: kuhamisha vipeo, kufungua mabano, kutumia sehemu zenye herufi. Kalkulasi inasimama juu ya aljebra hiyo, na aliye dhaifu kwenye aljebra anapotea mapema. Hii ndiyo sababu tunasema C ya kidato cha nne ni dalili ya tahadhari. C hiyo mara nyingi imetokana na takwimu, seti na hesabu za biashara, maeneo ambayo advansi haiyategemei sana.

Vyuo vikuu huhesabu pointi hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, ni pointi 4.0 kutoka masomo mawili makuu yanayohusika na kozi. Mwenye C ya Fizikia na E ya Hisabati ana pointi 4 kamili, kwa hiyo kwenye karatasi anastahili. Lakini kozi za ujenzi na umeme zina waombaji wengi, na mfumo huwachukua wenye pointi za juu kwanza. Kiwango cha chini kinakuruhusu kuomba tu.

Kosa la kombi linarudi kila mwaka. Mwanafunzi anachagua PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) akifikiri atajiachia milango miwili, ya udaktari na ya uhandisi. Mlango wa pili haupo. Hisabati anayosoma mtu wa PCB ni BAM, Hisabati ya msingi ambayo si somo kuu, na kozi nyingi za uhandisi zinataka Hisabati ya advansi na Fizikia kama masomo makuu. CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) hali ni hiyohiyo, na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) haina Fizikia. PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) inafaa kwa ujenzi na kozi nyingine nyingi, ila siyo uhandisi wa kemikali. Anayetaka kompyuta au elektroniki anaweza kutazama kombi ya Fizikia, Hisabati na Kompyuta iwapo shule ina maabara inayofanya kazi, na hilo liulizwe kwa mwanafunzi aliyepo pale, kwa sababu mabango ya shule husifia kila kitu.

Baada ya kidato cha sita kuna JKT kwa wanaopangiwa kwa mujibu wa sheria, matokeo kutoka Julai, kisha udahili. Shahada yenyewe haipatikani Moshi: vyuo vikuu vya pale vinajulikana kwa ushirika, biashara na tiba. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru ni ya uzamili na uzamivu, kwa hiyo jina lake lisikuchanganye. Kwa shahada ya kwanza kaskazini kipo Chuo cha Ufundi Arusha, ATC, katika fani chache kama ujenzi na umwagiliaji. Wengine huenda UDSM, DIT, MUST Mbeya, UDOM, Ardhi, au SUA Morogoro kwa uhandisi wa kilimo.

Stashahada ya ATC

Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, na kipo pale barabara ya Moshi inapokutana na ya Nairobi. Kina pia kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu Kikuletwa, wilayani Hai, kwenye mtambo wa zamani wa umeme wa maji. Kwa mtoto wa Sakina, Tengeru au Usa River chuo hiki kina faida ambayo hakuna brosha inayoitaja: anaweza kulala nyumbani. Wa Moshi hawezi kwenda na kurudi kila siku, ni kilomita kama 80 kila upande, apange chumba au bweni kwenye bajeti tangu mwanzo.

Sifa ya chini ya kuingia NTA 4 ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, alama D na kuendelea, bila kuhesabu ya dini, na kwa fani za uhandisi Hisabati na Fizikia ziwemo. Mwaka wa kwanza ni karakana, michoro, sayansi ya vifaa na Hisabati. Wa pili na wa tatu ndipo fani inapoanza kuuma: upimaji, nadharia ya miundo, mitambo ya umeme, usanifu, mradi wa mwisho. Katikati kuna fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini.

Wanaoanguka ATC na vyuo vya aina hiyo huanguka kwa sababu mbili, na akili si mojawapo. Ya kwanza ni kozi wek. Alama za majaribio, ripoti za karakana na kazi za darasani huhesabiwa pamoja na mtihani wa muhula. Mwanafunzi aliyetoka shule ambako ni mtihani wa mwisho tu uliokuwa na maana anapuuza ripoti tatu za maabara, na anafika kwenye mtihani akiwa ameshapoteza alama ambazo hakuna namna ya kuzirudisha. Ya pili ni fildi ya kujaziwa. Kijana anakwenda kwa mjomba mwenye gereji, anapigiwa muhuri kwenye daftari la kumbukumbu, anarudi hajashika chochote. Mwaka wa tatu mradi unamwumbua.

Kuna namba moja ya kubandika ukutani: GPA 3.0. Ndiyo kiwango cha chini cha TCU kwa mwenye stashahada anayeomba shahada. Katika NTA 6 alama B ina thamani ya 3 na C ina thamani ya 2, kwa hiyo unahitaji wastani wa B. Mwenye C nyingi anamaliza, anapata stashahada halali na kazi anapata, lakini chuo kikuu hakimchukui kwa cheti hicho. Hakuna anayeambiwa hili mwaka wa kwanza kwa sauti ya kutosha. Anayepanga kuendelea na shahada ahesabu GPA yake kila muhula, asingoje transkripti.

Akifika chuo kikuu mwenye stashahada anakuta hali ya kugeuzana. Michoro, karakana na upimaji anavijua, na waliotoka PCM humfuata awasaidie. Hisabati ya muhula wa kwanza inamzidi, kwa sababu wenzake wametoka kuifanya kalkulasi miaka miwili. Dawa yake inajulikana: miezi ya kusubiri chuo asome kitabu chochote cha Hisabati ya kidato cha tano, sura za utofautishaji na uunganishaji, maswali kumi kila siku. Asiyefanya hivyo anaanza na sap, mitihani ya marudio, mbili au tatu.

VETA

Mafunzo ya level I hadi III yapo VETA Moshi na VETA Arusha: umeme, uchomeleaji, ufundi bomba, uashi, magari na mengineyo kwa kadiri ya chuo. Muda mwingi unatumika karakana, na hiyo ndiyo nguvu yake. Aliyejifunza mtaani naye anaweza kupimwa na kupewa cheti kupitia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, bila kurudi darasani kuanzia mwanzo.

Kupanda kutoka VETA hadi NTA kunawezekana kwa mwenye level III na cheti cha kidato cha nne, sifa kamili zikiwa kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, wa mwaka husika. Njia hiyo ni ndefu, na anayetaka shahada huku ana D nne zenye Hisabati asiianzie hapo. Ila fundi umeme wa VETA anayeongeza leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, yuko mbele ya wengi wenye stashahada wanaozunguka na bahasha, kwa sababu nyumba mpya inapoombewa umeme TANESCO inahitajika fomu iliyojazwa na mfungaji mwenye leseni. Leseni hizo zina madaraja, na daraja lako linafuata cheti na uzoefu wako.

Pesa

Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za Serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Mwaka uliofuata, katika bajeti ya 2023/24, Serikali ilitangaza kufuta ada kwa wanaochaguliwa kujiunga na vyuo vya ufundi vya ATC, DIT na MUST. Neno la kuzingatia ni "wanaochaguliwa". Soma fomu ya kujiunga mstari kwa mstari, kwa sababu bweni, chakula, bima, vifaa vya kuchorea, ovaroli na viatu vya usalama havimo kwenye ada.

Bodi ya Mikopo inakopesha wa shahada, na tangu 2023/24 inakopesha pia stashahada za fani za kipaumbele. Wanaokosa bumu, yaani mkopo huo, mara nyingi hukosa kwa nyaraka: cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, jina la kwenye cheti halifanani na la matokeo, cheti cha kifo cha mzazi hakipo. Haya yashughulikiwe kidato cha nne, si wiki ya mwisho ya dirisha la maombi. Makato ya kurejesha ni asilimia 15 ya mshahara, na yanaanza ukishaajiriwa. Kwa kidato cha sita waliofaulu vizuri sana sayansi ipo Samia Scholarship, ambayo haidaiwi.

Gharama kubwa ambayo haimo kwenye orodha ya mtu yeyote ni maisha ya Dar. Mtoto wa Arusha anayesoma stashahada akitokea nyumbani anaweza kumgharimu mzazi pungufu kuliko anayepanga chumba Dar kwa miaka minne na mkopo wa nusu.

Usajili: kuitwa Eng.

Sheria ya usajili wa wahandisi ya mwaka 1997 inampa jina la mhandisi yule tu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Shahada pekee inakuingiza kama mhandisi mhitimu. Ili uwe mhandisi mtaalamu unahitaji miaka isiyopungua 3 ya kazi chini ya msimamizi aliyesajiliwa, na wengi huipitia kwenye programu ya mafunzo ya ERB iitwayo SEAP, inayoendeshwa tangu 2003. Unaandika ripoti za kila robo mwaka, msimamizi anasaini, mwisho unahojiwa. Kinachochelewesha watu ni ripoti zinazosimulia mradi badala ya kueleza wewe ulifanya nini. "Tulijenga daraja" haimsaidii anayekuhoji. "Nilipima mwinuko wa msingi, nikakuta tofauti ya milimita 40 na mchoro, nikapendekeza hivi" inamsaidia. Andika wiki hiyohiyo.

ERB husajili pia mafundi sanifu, kwa hiyo wa stashahada asikae nje akidhani bodi ni ya wenye shahada tu. Upande wa Serikali matangazo ya ajira huweka fundi sanifu daraja la II kwenye ngazi ya mshahara ya TGS C na mhandisi daraja la II kwenye TGS E. Pengo hilo ndilo linalowarudisha wengi shule baada ya miaka michache kazini, na kwa waliotunza GPA ya 3.0 safari ni fupi. Anayetaka kampuni yake ya ujenzi ataandikishwa na Bodi ya Makandarasi, CRB, kuanzia daraja la 7 kwenda la 1.

Fani ipi kwa soko la huku

Ujenzi una nafasi nyingi kuliko fani nyingine, na pia una foleni ndefu kuliko zote. TANROADS, TARURA, halmashauri na makandarasi wote wanachukua. Kazi za udongo hupungua wakati wa masika, Machi hadi Mei, na malipo ya mkandarasi mdogo hufuata malipo ya mteja, kwa hiyo anayeanza aweke akiba ya miezi hiyo.

Maji na umwagiliaji ndiyo fani tunayoipendekeza kwa sauti kubwa zaidi kwa kijana wa Kilimanjaro au Meru, na ndiyo inayopuuzwa. Miteremko ya hapa inafundisha uhandisi yenyewe. Kila mita 10 za mshuko huongeza bar 1 ya presha kwenye bomba lililofungwa. Chanzo kikiwa mita 300 juu ya kijiji, bomba la chini linabeba bar 30 usiku watu wakifunga mabomba. Bomba la plastiki la PN10 limetengenezwa kwa bar 10. Mradi uliosanifiwa vizuri unaweka tangi la kupunguza presha kabla ya kila mita 100 za mshuko. Usiosanifiwa vizuri hupasuka alfajiri, na kijiji kinalaumu bomba. Upande wa Meru tatizo ni floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuzunguka mlima huo vinazidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanyia kazi mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaonasa floraidi kwenye maji: mifupa ikichomwa kwa joto dogo maji hutoka na harufu na rangi, ikichomwa kupita kiasi inapoteza uwezo wa kunasa floraidi, na hata iliyochomwa sawasawa inajaa na lazima ibadilishwe. Mamlaka za maji za Arusha na Moshi, RUWASA (wakala wa maji vijijini) na skimu za mpunga za Moshi chini zote zinahitaji watu wanaoelewa mambo haya.

Umeme una milango ya kujiajiri kuliko fani nyingine, kuanzia nyumba hadi sola za lodji huko mbugani. Arusha kuna TANELEC inayotengeneza transfoma, na TANESCO ina kituo cha Nyumba ya Mungu cha megawati 8. Katika sola kosa la kawaida ni kukadiria betri: betri ya risasi isitumike chini ya nusu ya chaji yake, kwa hiyo lodji inayohitaji kilowati-saa 20 usiku iwe na benki ya 40 au zaidi. Wanaofunga ya 20 huibadilisha mapema na kumlaumu muuzaji.

Mitambo inakwenda na viwanda: kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini, viwanda vya bia na vinywaji, kiwanda cha nguo na vyandarua cha A to Z Kisongo. Kiwandani utaishi kwa zamu, na likizo yako itafuata msimu. Mtambo wa sukari hufanyiwa matengenezo makubwa miwa isiposagwa. TEMDO na CAMARTEC, taasisi za kubuni mitambo na zana za kilimo, zote zikiwa Arusha, ni mahali pazuri pa fildi kwa anayependa kubuni mashine. Ufundi wa magari una soko la kampuni za utalii ambalo mikoa mingi haina: springi, shokomzoba, chesisi iliyorefushwa. Vifaa tiba ni fani changa yenye waombaji wachache, na hospitali za kanda hii ni kubwa.

Tarehe na karatasi

Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari. Miezi inayofuata mfumo wa Selform wa TAMISEMI hufunguliwa ili mwanafunzi abadili kombi au achague chuo. Wengi hawaingii kabisa, wanabaki na chaguo walilojaza shuleni kabla hawajayajua matokeo yao. Ingia, weka machaguo ya chuo juu ikiwa umeamua stashahada, na uchapishe ukurasa wa mwisho. Kidato cha tano huanza Julai, vyuo vya ufundi kwa kawaida Septemba au Oktoba. Aliyepangiwa PCM na akaamua kwenda chuo anaweza kuomba moja kwa moja chuoni, ila aulize kwanza kama msamaha wa ada utamhusu.

Aliyepata F ya Hisabati na masomo mengine yamesimama asikimbilie kozi ya fani nyingine kwa hasira. Ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, arudie Hisabati pekee, na pengine Fizikia, mwezi Novemba. Huku nyuma achukue kozi fupi ya VETA ya umeme au uchomeleaji. Karatasi zilizopita za NECTA za miaka kumi, aljebra kwanza, kisha jometri na trigonometria, zinatosha kwa anayezifanya kwa kalamu na kusahihishwa na mwalimu kila wiki.